Kibali kwa Jina la Mama Mkwe

Watu wanaomkumbuka mume wangu, Paulin Kabeya, husema alikuwa mtu mpole. Waseme. Mimi ndiye niliyemfulia mashati, na upole wake uliniudhi mpaka nikatamani kumtwanga kwa mwiko. Aliwapa upole watu ambao hawakustahili hata salamu. Nawaeleza habari zake kwa sababu kila nikisikia mtu akisifu siku zile Katanga ilipojitenga, kwamba barabara zilifagiwa na mkate ulipatikana, damu inanichemka. Mkate ulipatikana, sawa. Kuna mlinzi wetu mmoja, Rigobert, ambaye ningependa aulizwe kama aliula.

Mume wangu alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, wakati Wazungu wakiuita mji huu Élisabethville. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, akaja kujenga reli, akafa bila kurudi kwao. Kwa hiyo Paulin hakuijua Kasai, wala mto wake hata mmoja. Aliijua Kamalondo, kila kona na kila baa, na mbwa wa kila fundi cherehani. Ujana wake alilinda ghala la Mgiriki mmoja mjini. Sisi hapa mlinzi tunamwita zamu. Akaona jinsi zamu wa mji walivyokaa kila mtu kwenye mlango wake, mmoja akivamiwa mwenzake hana habari. Basi akaokota vipande vya reli, akavitundika kwa waya mbele ya kila duka, akawafundisha walinzi: ukisikia jirani amegonga chuma chake, gonga chako. Mlio ulianzia upande wa stesheni, ukapita duka kwa duka hadi mwisho wa barabara, kisha ukarudi. Ukikatika mahali, wote wanakimbilia palipokatika. Wenye maduka walipenda. Wabelgiji walipotuachia uhuru, mume wangu alikuwa na kundi la wanaume wake, wengi wenye asili ya Kasai kama yeye, na mji mzima uliwaita Zamu ya Kabeya.

Mimi ni Mado, binti wa Mutale. Mutale ndiye mama yangu, Muushi kwa kabila, wa Sakania, kule karibu na mpaka, mjane aliyepika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na Kamalondo yote iliujua uwanja wake. Hakumpenda mume wangu. Si kwa jambo lolote alilotenda, bali kwa mahali alipotoka baba yake. "Mukasai," alisema, na hapo alikuwa amemaliza.

Sasa, kwetu mwanamume akishaoa hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye, hamsemeshi, na jina lake halitamki kamwe. Hivyo hivyo mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapopika kuku, amwekee chakula mbele na kumwambia ale. Siku hiyo tunaita kumwingiza mkwe. Wanawake wanapiga ngoma, wanacheza, na tangu hapo mkwe ni mtoto wa nyumbani. Waume wa wenzangu waliingizwa mara tu walipopata mtoto wa kwanza. Mimi nikamzaa Simone, nikazaa na wadogo zake, na mama yangu akakaa kimya na kuku wake.

Paulin alizishika mila zetu kuliko watoto wa kwetu. Akimwona mama anatokea upande huu wa barabara, yeye huyo, ameingia kichochoroni. Siku moja alikosa kichochoro, akaingia kwa kinyozi, akanyolewa kichwa alichokuwa amekinyoa juzi yake. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikakasirika.

"Baba Simone," nikamwambia, maana ndivyo nilivyomwita, kwa jina la binti yetu, "ule mama hakuheshimie. Unamukimbia ya nini?"

"Simukimbie," akasema. "Minamuachia njia."

Haya, niambie, mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Siku chache tu baada ya uhuru, Katanga ikajitenga. Zikaja bendera mpya, askari wapya na neno jipya lililokuwa kwenye kila mdomo: originaire, yaani mtu mwenye asili ya hapa. Usidhani kuzaliwa hapa kulitosha. Mume wangu alizaliwa hapa na bado hakuwa originaire, kwa sababu ya kaburi la baba yake ambalo lenyewe liko hapa hapa. Watu waliokunywa kutoka chungu kimoja uani kwa mama wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Vijana wenye marungu wakawa wanawasimamisha wanaume wa Kasai njiani jua likishazama, na wengine hawakufika nyumbani.

Mwaka uliofuata likatoka tangazo. Yeyote anayekodisha walinzi lazima awe na kibali. Akikipata, walinzi wake watapewa kadi zenye picha na muhuri, na mwenye kadi haruhusiwi kuguswa akiwa kazini au akienda kazini. Kwa wengine kibali kile kilikuwa mambo ya biashara. Kwa wanaume wa Paulin kilikuwa ngozi ya migongo yao, maana Mkasai aliyesimama gizani bila kadi alikuwa mtu wa kupigwa tu.

Mimi sikatai masharti. Walinzi wengine wa mji ule walikuwa wezi waliovaa makoti, na ni haki serikali iulize nani analinda nini. Mume wangu naye hakukataa. Walitaka cheti cha mwenendo mwema, akaleta. Walitaka walinzi wasiwe na bunduki, na hawakuwa nazo. Walitaka sare isifanane na ya askari. Sare zetu zilikuwa za kaki, basi akanunua bulu ya kufulia, akazichovya zote kwenye pipa uani kwetu. Zikatoka na madoa, na wanaume wakitoka jasho shingo zao zinageuka rangi. Watoto wa Kamalondo wakawa wanawafuata wakiimba, "Bazamu ya bulu! Bazamu ya bulu!" Paulin alicheka nao. Kila sharti alilitimiza, likabaki moja tu: mkurugenzi awe originaire.

Nikasema, kama ni hivyo, mimi si nipo? Nikavaa kikwembe changu kizuri nikaenda. Aliyeshika ofisi ile ya vibali aliitwa Ngosa. Alikuwa mtu wa upande wetu, Muushi kama mama yangu, na mkewe nilimjua tangu sokoni. Lakini Ngosa alikuwa amevaa suti, na tangu avae suti Kifaransa kilimtoka puani. Akaniambia kwamba mwanamke mwenye mume hawezi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote bila mume kutia sahihi ya kumruhusu.

"Bwana yangu atasaini," nikasema.

"Non, madame. Signature ya mutu mwenye haiko originaire, hatuipokee."

"Alors ya kunikataza iko bwana yangu, ya kuniruhusu haiko bwana yangu?"

"Njo vile, madame," akasema, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Nilirudi kwa miguu nikiwa nimefura. Ndipo njiani wazo likanijia: mjane. Mjane haombi ruhusa kwa mume. Na mjane wa Sakania ni originaire kumshinda Ngosa na suti yake.

Nilimkuta mama uani na Rigobert. Huyu Rigobert alilinda duka la karibu na pale, na kila jioni kabla ya kazi alimbebea mama maji kutoka bombani, ingawa mama alimwita Mukasai vilevile. Siku ile taya lake lilikuwa limevimba na jicho moja limefungika. Mama alikuwa anamnywesha munkoyo polepole kwa sababu hakuweza kutafuna kitu. Nikaeleza shida iliyonileta.

"Miye nikuwe chef ya bazamu?" mama akasema. "Bazamu ya ule?"

"Ya ule, mama."

Akamgeukia Rigobert. "Nani alikupiga?"

"Batoto ya hapa hapa, mama. Bale benye nilikuwa nalindaka maduka ya babayao."

Mama alikaa akiuma meno. Nilimjua. Akiuma meno namna ile, ama atakufukuza, ama atafanya jambo.

"Bon," akasema. "Lakini umuambie ule bwana yako, siko namufanyia yeye."

Ombi likapelekwa kwa jina la Mutale, mjane, originaire, mkurugenzi, na Paulin akaandikwa msimamizi wa kazi. Wakatupa kadi za muda wakati kibali kikingojewa. Siku walinzi walipozipata, walizibusu. Rigobert alishona mfuko kifuani kwa ajili ya kadi yake tu, na taya lake lilipopona akarudi kugonga chuma.

Mama, ambaye hakumfanyia mume wangu kitu, akageuka mkurugenzi kwelikweli. Kila alasiri aliwapanga wanaume uani, akawanusa midomo kutafuta harufu ya lutuku, ile pombe kali ya magendo, akawakagua vifungo. Shida ilikuwa moja. Mkurugenzi na msimamizi hawawezi kuonana. Kwa hiyo mama alikaa ndani ya uwanja, Paulin akasimama nje ya fensi ya matete, na mimi katikati mlangoni.

"Mado, muambie ule mutu, zamu ya ku garage ananukia lutuku."

Paulin amesikia, fensi ni matete tu. Lakini anangoja. Nami narudia: "Baba Simone, ule wa ku garage ananukia lutuku."

"Mama Simone, uambie bale ba pale ndani, nimesikia. Nitamubadilisha."

Narudia tena. Mdomo ulinikauka kwa kazi ya kupeleka maneno hatua mbili. Lakini siwezi kudanganya, walielewana kuliko ndugu wa tumbo moja. Mama alianza kuwapa walinzi munkoyo kabla hawajaenda kazini, na kikombe cha mwisho alikipenyeza chini ya fensi bila kusema ni cha nani. Paulin alikunywa, akakirudisha kimeoshwa. Nikaanza kufikiri kwamba sasa atamwingiza. Nikamtazama kuku, nikamtazama mama. Mama akatazama pembeni.

Mwezi wa nane tukaitwa ofisini kwa ajili ya kibali chenyewe. Tangazo lilisema mkurugenzi na msimamizi wafike pamoja, na kila mmoja amtaje mwenzake mbele ya ofisi, ili watu wasije wakajificha nyuma ya majina ya kuazima. Paulin aliposoma hilo akakaa chini. Nikamwambia asijali, Ngosa ni mtu wa kwetu, anajua mila, atamwuliza mmoja kisha mwingine. Nilisema hivyo na nilikuwa naamini.

Mama aliingia kwanza, nikamsindikiza, akapewa kiti. Paulin akaingia kwa kurudi kinyumenyume, sare yake ya bulu imepigwa pasi, akasimama uso umeelekea ukutani penye kalenda. Ngosa aliyaona yote hayo. Akamwuliza mama jina la msimamizi wake, mama akasema, "Kabeya Paulin," bila kusita, maana mama mkwe ana ruhusa. Kisha Ngosa akaegemea kiti.

"Na weye, Kabeya. Directrice yako anaitwa nani?"

Paulin akajibu kwa kalenda. "Iko mama ule anaikala pale, chef."

"Jina."

"Iko mukwe yangu, chef."

"Sikuulize kama iko mukwe. Règlement inasema gérant ataje jina ya directeur mbele yake. Kama haujue jina, ni kusema mulimuokota mu njia juu ya kutudanganya."

Alijua. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Angekuwa Mbelgiji, au mtu wa mbali asiyezijua desturi zetu, ningemsamehe. Mkewe Ngosa mwenyewe aliwahi kunisimulia sokoni jinsi mumewe alivyohamia kwa rafiki yake wakati mama mkwe alipokuja kutoka Sakania, eti nyumba ni ndogo, watakutana mlangoni. Ngosa alijua ni nini anachomwomba mume wangu avue mbele ya watu, na alikaa pale amekunja mikono akingoja.

Nikamsogelea Paulin, nikamkanyaga mguu. "Sema," nikamnong'oneza. "Bantu yako batakufa. Sema tu, Mungu anaona!"

Jasho lilimtoka, na michirizi ya bulu ikamshuka shingoni mpaka kwenye kola. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nilimgeukia mama nikamwona amemkazia mume wangu macho, mgongo wake na shingo yake ile yenye rangi, na sidhani alikuwa amewahi kumtazama hivyo siku zote nilizokuwa mke wake.

Ngosa akavuta mtoto wa meza. Akatoa kibali. Kilikuwa kimeshapigwa chapa, jina la mama juu, na chini, pale pa msimamizi, si Kabeya. Lilikuwa jina la Jeannot, mdogo wake Ngosa, kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa miwani ya jua na kukaa baa. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka zamani.

"Mama, licence ni yako," akasema. "Directrice iko en règle. Gérant njo hakuwe en règle, hakufuata sheria, tumekutafutia mwengine. Félicitations, mama, hongera."

Mama akasimama. "Ngosa!" akasema, si bwana, si chef. "Mutoto ya kwetu! Ule ananyamaza juu ya heshima, weye unaita heshima bongo, unasema tunakudanganya? Mukwe yako anajua kama uko hivi?"

"Mama, ikala."

"Siikale!"

Askari wa mlangoni akaingia. Kibali nikakiweka mimi mkobani mwa mama, kwa sababu yeye hakunyoosha mkono, na tukatolewa nje kama takataka.

Barabarani nikampasukia mume wangu mbele ya watu. Nilimwambia kibali kimeandikwa Jeannot, nikamwita kila jina, mimi niliyeruhusiwa majina. Akaningoja nikaishiwa pumzi.

"Uliona ile karatasi?" akasema. "Jina ya Jeannot ilikuwa imeandikwa kabla tuingie. Ningemutaja mama, Ngosa angechukua kazi, angechukua na heshima pamoja. Sasa amechukua kazi tu."

"Heshima itamulinda Rigobert leo magaribi?"

Mimi mpaka leo sijui kama niliuliza vizuri au vibaya. Najua tu kwamba jibu lilikuja upesi. Kadi za muda zilinyang'anywa siku iliyofuata, Jeannot akaleta watu wake, akawavisha sare zetu za bulu alizozikuta kwenye maduka tuliyolinda. Paulin aliwaambia wanaume wake wasitoke majumbani. Rigobert akatoka. Alikwenda kuchukua kipande chake cha reli, maana alisema kile si cha Jeannot, ni cha Kabeya. Walimkamata vijana karibu na njia panda, mchana, watu wakitazama. Hatukumwona tena. Hata mwili hatukupewa tuuzike.

Baada ya hapo Wakasai wa Lubumbashi wakaanza kukimbilia kwa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, maelfu na maelfu, na magodoro vichwani. Tulikwenda na sisi. Nilipita kwa mama kumwomba aje, kwa sababu nilijua Kamalondo watamsema kwa ajili yetu.

"Siko Mukasai," akasema, akikoroga chungu chake. Nikaondoka bila kumuaga.

Nyumba yetu kambini ilikuwa ya magunia na makatoni na mabati mawili. Watoto waliugua, wakapona, wakaugua. Paulin, mtu wa kulinda, hakuwa na cha kulinda. Na kila aliyefika kutoka mjini alituletea habari ile ile: Zamu ya Mama Mutale wanalinda maduka yote ya kwenu, kibali kiko kwa jina la mama yako, Jeannot ananenepa. Nilimchukia mama yangu. Nasema wazi. Usiku nilimwona akilini mwangu ameketi kwenye kiti chake, kibali kimetundikwa ukutani, ananusa midomo ya watu waliomuua Rigobert. Paulin akinisikia nikimlaani aliziba masikio, ati huyo ni mkwe wake.

Mwaka ukageuka. Wakasema kuna treni za kuturudisha Kasai. Kuturudisha! Mume wangu anarudishwa mahali ambapo hajawahi kufika. Asubuhi moja, treni yetu ikiwa imeshatangazwa na mizigo imefungwa, nikaona mwanamke anapita kati ya vibanda, kikwembe cha kanisani, chungu kichwani, anauliza njia kwa sauti ya ugomvi. Nikajua sauti kabla ya uso.

Paulin naye aliijua. Akaruka kutafuta kichochoro, lakini kambini hakuna kichochoro, kuna magunia tu. Akageuza uso kwenye ukuta wa gunia, akasimama vile vile kama alivyosimama mbele ya kalenda ya Ngosa.

Mama hakunisalimu. Akatandika mkeka. Akaweka beseni la maji ya kunawa, bukari iliyofunikwa, yaani ugali wetu, na chungu. Akafunua. Kuku mzima, na firigisi imewekwa juu, mahali inapowekwa kwa mwanamume anayeheshimiwa. Ngoma haikuwapo, kwa hiyo akachukua mwiko akagonga kifuniko. Wanawake wa Kikasai wa vibanda vya jirani, ambao hata hawakujua ni mila gani, wakaanza kupiga makofi.

"Mukwe yangu," mama akasema. "Geuka."

Nikafungua mdomo kurudia maneno yake, kwa mazoea yangu ya fensi.

"Nyamaza, Mado. Siko nasema na weye."

Paulin akageuka, lakini macho yake yalibaki chini. Mama akamnawisha mikono yeye mwenyewe. Akakata paja moja la kuku, akaliweka pembeni juu ya kifuniko, hakusema ni la nani. Nikamkumbuka Rigobert aliyembebea maji. Kisha akamsogezea Paulin firigisi.

Nilitaka kulia lakini hasira ilikuwa mbele. "Na licence, mama?" nikasema. "Jeannot anakulya na jina yako, weye unatuletea kuku?"

"Ngosa alikuya juzi," mama akasema, bila kugeuka. "Na costume yake. Anasema mwaka umeisha, karatasi irudie ku ofisi bapige tena muhuri, bila vile maduka itafukuza batu ya Jeannot. Ameniita mama. Ameniletea sukari."

"Ukamupa?"

"Nikamuambia aulize mbabula." Mbabula ni jiko letu la makaa. Mama akaonyesha chungu kwa kidevu. "Makaa ilikuwa na maji, ilikataa kuwaka. Ile karatasi ilikuwa ngumu, inaungua muzuri. Njo ilipikisha hii kuku."

Paulin akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu anioe akamtazama mama yangu usoni, na mama akamtazama.

"Batakuya kukupiga, mama," akasema. Alimsemesha yeye, si mimi.

"Bakuye. Bako na marungu, miye niko na mwiko." Akamkatia bukari. "Ukule. Lakini mbele ya kukula, Ngosa alikuuliza kintu, haukumujibu. Nilikuwa pale. Mujibu."

Mume wangu alikuwa na firigisi mkononi. Akairudisha chunguni taratibu, akafuta vidole, akakaa wima.

"Mutale," akasema.

"Na nguvu. Ofisi yake iko mbali."

Na yule mtu mpole akavuta pumzi, mishipa ikamsimama shingoni, akapaza sauti kuelekea mjini. "Anaitwa Mutale! Mukwe yangu anaitwa Mutale!" Alirudia mpaka sauti ikamkauka, na kwenye vibanda watu wakaacha kufunga mizigo yao wakamsikiliza.